Nimeitwa niwe meneja mafunzo, lakini wafanyakazi wananijua kwa barua za onyo

Shikamoo mama,

Mimi ni dada wa miaka 34, naishi Mwanza. Nina shahada ya usimamizi wa rasilimali watu kutoka Mzumbe, na tangu nihitimu nimekuwa afisa rasilimali watu katika kiwanda cha kusindika minofu ya sangara. Kazi zangu ni zile unazozijua: mikataba, likizo, mahudhurio, michango ya NSSF, malalamiko ya mishahara kila mwisho wa mwezi, na vikao vya nidhamu. Barua ya onyo ikitoka pale kiwandani, mara nyingi aliyeiandika ni mimi.

Mwezi uliopita meneja mkuu aliniita ofisini kwake. Akasema kampuni inaanzisha nafasi ya meneja mafunzo, na kabla ya kuitangaza nje anataka kujua kama mimi naitaka. Nikiitaka, niandike barua ya maombi pamoja na mpango wa mwaka wa kwanza, nimpelekee kabla mwezi huu haujaisha. Mshahara unapanda, nami nina watoto wawili shuleni. Nilitoka pale nimefurahi, lakini usiku usingizi haukuja.

Kwanza, sijawahi kufundisha. Nikisimama mbele ya watu sauti inatetemeka. Kwenye harusi ya mdogo wangu nilishindwa hata kumaliza kusoma risala. Pili, ni hizo barua. Nikiingia ukumbi wa kukatia minofu mazungumzo hukatika, kila mtu anainamia meza yake. Hao watanifungukia vipi? Tatu, meneja uzalishaji, mzee aliyekuwepo tangu kiwanda kinafunguliwa, ameshasikia habari hizi. Aliniambia mbele ya watu, "Hapa tunahitaji kilo, hatuhitaji semina." Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu mwaka jana tulimleta mshauri elekezi, tukakodi ukumbi wa hoteli, kukawa na chai na vitafunwa, watu wakapewa vyeti. Haikupita wiki kila kitu kikarudi vilevile. Mkurugenzi mpaka leo anauliza zile fedha zilifanya kazi gani. Na wafanyakazi wenyewe ukiwatajia mafunzo, swali lao la kwanza ni, "Posho ipo?"

Kaka yangu anasema niachane na haya, nichukue mkopo benki nikasome shahada ya uzamili kwanza, ndipo nitaheshimika. Mume wangu anasema nikubali leo leo kabla hawajaghairi. Mama, nifanyeje?

Mwenye Nia, Mwanza

*

Marahaba mwanangu,

Nafasi hiyo iombe. Nimetanguliza jibu ili yaliyobaki uyasome ukiwa umetulia. Ila usipeleke barua kabla hujaweka sharti moja, na sharti lenyewe linahusu hizo barua za onyo, kwa sababu katika yote uliyoniandikia hilo ndilo zito kuliko mengine.

Meneja mafunzo hawezi kazi kama haambiwi ukweli. Anamhitaji fundi wa chumba cha baridi amwambie, "Hii mashine mpya siielewi, nabahatisha." Anamhitaji msimamizi wa zamu akiri kwamba hajui kumkosoa mtu bila kumtukana. Hakuna atakayemwambia hayo mtu ambaye keshokutwa atakutana naye kwenye kikao cha nidhamu. Kwa hiyo mwombe meneja mkuu, kwa maandishi, kwamba siku utakapoanza kazi hiyo vikao vya nidhamu vinahamia kwa mwenzako, na kwamba makosa anayoyafanya mtu akiwa anajifunza hayaingii kwenye faili lake. La kwanza wanaweza kukuomba uvumilie miezi miwili mitatu mpaka apatikane mwingine, vumilia. La pili wakilikataa, nafasi hiyo iache.

Nasema iache kwa sababu nimeyaona. Wewe unazijua Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utendaji duni, achunguze chanzo, ampe maelekezo na ikibidi mafunzo, na ampe muda wa kujirekebisha. Utaratibu huo uliwekwa kumlinda mfanyakazi. Wapo waajiri wanaoupindua: wanataka rejista ya mafunzo yenye saini ili baadaye waseme "tulimfundisha, akashindwa." Ofisi yako ikishatumika hivyo mara moja tu, hakuna atakayefungua mdomo mbele yako tena.

Sasa, kabla hujakabidhi hayo majalada ya nidhamu, kaa nayo. Usiangalie majina. Angalia kosa, zamu, meza, na tarehe. Mtu mmoja akionywa kwa kosa fulani, huenda ni mtu. Watu wanane wa zamu moja wakionywa kwa kosa lilelile, kuna kitu kwenye zamu hiyo. Ongeza na daftari la ajali, taarifa za udhibiti ubora, na siku ambazo utoro unapanda. Hakuna mshauri elekezi atakayekuja kiwandani kwenu akiwa na taarifa hizo, na wewe unazo kabatini. Nakuambia hili kwa sababu unajiona huna cha kuanzia.

Niliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ambako uongozi uliomba mafunzo kwa wakataji wa usiku. Malalamiko yalikuwa kwamba hawajui kazi: minofu inatoka na kingo zilizochanika, mapanki, yaani mifupa inayobaki mnofu ukishatolewa, yanatoka mazito kwa sababu nyama inabaki kwenye mfupa. Tulikwenda kusimama pale usiku. Mpaka saa sita kazi ilikwenda vizuri. Ilipofika saa nane unawaona kina mama wanakandamiza kisu kwa uzito wa bega zima, maana makali yamekwisha, na mnoaji anafanya kazi mchana tu. Akina mama walewale walipopangiwa zamu ya mchana minofu yao haikuwa na dosari. Kilichohitajika ni mnoaji wa usiku. Kama tungewapeleka darasani tungewafundisha kazi wanayoijua kutuzidi, na asubuhi yake wangerudi kwenye visu vilevile butu.

Kwa hiyo kila unapoletewa ombi la mafunzo, jiulize kwanza: huyu mtu akipewa kifaa kizuri, muda wa kutosha, na akaambiwa waziwazi kinachotakiwa, ataweza? Kama jibu ni ndiyo, usimpeleke darasani. Nenda kamwambie mwenye mamlaka kwamba tatizo ni sabuni iliyokosekana kwenye beseni la kunawia, au ratiba, au msimamizi anayetoa maagizo mawili yanayopingana. Utashangaa jinsi meneja mafunzo anavyoheshimika anapoweza kusema "hapa mafunzo hayatasaidia."

Na hapo ndipo utakapompata yule mzee wa uzalishaji. Alichokuambia mbele ya watu kiliuma, lakini kisikilize: anataka kilo. Mwendee asubuhi kabla kelele hazijaanza, msalimie kama mzee wako, usibebe kompyuta wala slaidi. Mwulize jambo moja: "Mzee, ni kitu gani kwenye mstari wako kinakuharibia wiki?" Atasema. Watu waliokaa kazini muda mrefu wana orodha vichwani ambayo hakuna aliyewahi kuwauliza. Chukua jambo moja katika hiyo orodha, dogo, linalohesabika, umwombe meza mbili tu za kujaribia. Likifanikiwa, katika taarifa kwa mkurugenzi taja kwanza kwamba wazo lilitoka kwake, kwa sababu ni kweli lilitoka kwake. Mzee huyo mkigombana atakumaliza, maana ndiye anayetoa watu kwenye mstari. Bila ruhusa yake darasa lako litakuwa na viti vitupu.

Kuhusu sauti kutetemeka, nakuomba usihangaike nayo sana. Anayeiendesha kazi hii vizuri mara nyingi si yeye anayesimama mbele. Walimu unao tayari, wamevaa aproni na gambuti, wako kwenye meza za kukatia. Tatizo lao ni moja: mtu aliye hodari anafanya haraka mno, na akiambiwa afundishe anasema "angalia ninavyofanya," basi. Kazi yako ni kumsaidia aivunje kazi yake vipande vipande.

Kaa naye kwenye meza, mwombe akate sangara mmoja polepole, wewe uandike. Kisu kinaingia nyuma ya shavu la samaki mpaka kiguse uti wa mgongo. Kinageuzwa ubapa, kinateleza juu ya mfupa kuelekea mkiani. Mnofu unatoka, unamenywa ngozi, kisha unasafishwa: miiba, mafuta, madoa ya damu. Kila hatua mwulize mambo mawili: "Hapa mgeni huwa anakosea wapi?" na "Kwa nini unafanya hivi?" Atakuambia, kwa mfano, kwamba mgeni hushika kisu kwa hofu akakiinua, ndiyo maana nyama inabaki kwenye panki, ukiona ncha inakwaruza mfupa kidogo, uko sawa. Hilo neno dogo la mkwaruzo huwezi kulipata kwenye slaidi ya mtu yeyote. Andika karatasi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha hapohapo mezani.

Kisha mfundishe huyo hodari namna ya kufundisha. Wamarekani walipokuwa na viwanda vilivyojaa watu wageni wa kazi wakati wa Vita Kuu ya Pili, waliwafunza wasimamizi wao utaratibu wa hatua nne ambao mpaka leo sijaona unaoushinda kwa kazi za mikono: kwanza, mwandae mtu, atulie, ujue anachokijua tayari; pili, mwonyeshe na umweleze hatua kwa hatua; tatu, mwache afanye mwenyewe huku akikueleza anachokifanya na kwa nini; nne, mwachie kazi, lakini umrudie mara kwa mara, ukipunguza kadiri anavyoimarika. Viwanda vyetu vingi vinafanya hatua ya pili tu. Mgeni anaonyeshwa mara moja, anaachwa, halafu baada ya mwezi anaandikiwa barua ya onyo.

Nije kwenye posho, kwa sababu hapa nina neno na wewe. Umeliandika swali lao kana kwamba ni tamaa. Kwenye baadhi ya viwanda vya minofu vibarua hulipwa kwa kilo. Kama kwenu ni hivyo, saa mbili za mafunzo ni saa mbili ambazo mama huyo hakukata, na hela ya saa hizo haimo kwenye malipo yake ya wiki. Anapouliza "posho ipo?" anauliza nani atalipa unga wa nyumbani. Weka kwenye bajeti yako malipo ya muda wa mafunzo, kwa wastani wa kile anachopata mtu huyo kwa saa. Mafunzo yafanyike ndani ya saa za kazi. Usimweke mtu darasani baada ya zamu ya usiku; atasinzia, na wewe utaandika kwamba alihudhuria. Wakishaona hawapunjwi, swali la posho litapungua lenyewe.

Mkurugenzi anayeuliza fedha zilifanya nini ana haki ya kuuliza. Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alianza kuandika kuhusu ngazi nne za kupima mafunzo, na bado watu wa kazi yetu wanazitumia: walioyapata waliyapokeaje, walijifunza nini, wanafanya nini tofauti wakiwa kazini, na kazi yenyewe imepata nini. Wengi wanaishia ngazi ya kwanza, ile fomu inayouliza kama ukumbi ulikuwa mzuri. Wewe anzia mwisho. Kabla ya mafunzo andika takwimu ya leo: uzito wa panki kwa samaki wa kilo kadhaa, minofu inayokataliwa na udhibiti ubora, majeraha ya visu kwa mwezi. Pima tena baada ya mwezi, na tena baada ya miezi mitatu. Bila kipimo cha mwanzo huna cha kulinganisha, hata kama kazi imebadilika kweli.

Mafunzo ya kupimwa kwa matendo tuliwahi kuyafanya kama nchi, na kwa ukubwa. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipoendeshwa, watu wapatao milioni 2 walikutana kwenye vikundi vijijini wakisikiliza redio, wakisoma kitabu chepesi, wakijadiliana na kiongozi wa kikundi aliyeandaliwa kwa kazi hiyo, halafu wakitoka kwenda kutenda. Mafanikio yalitazamwa kwa vyoo vilivyochimbwa na mazalia ya mbu yaliyofukiwa. Yale yote yanayouzwa leo kwa majina mapya, kujifunza kwa vikundi, mwezeshaji kutoka miongoni mwao, kutenda mara baada ya kusikia, yalikuwemo. Nakutajia hili ili usidhani elimu ya watu wazima ni kitu cha kuagiza kutoka nje.

Kwenye fedha, zijue hesabu zenu kabla hujaingia ofisini kwa mkurugenzi. Atakuambia, "Mafunzo tunalipia tayari, kuna ile SDL." Ni kweli mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi analipa tozo ya kuendeleza ujuzi kupitia TRA, na mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi asilimia 3.5 ya malipo yote ya wafanyakazi. Kampuni inayolipa shilingi milioni 200 kwa mwezi inatoa milioni 7 kwa kiwango hicho. Lakini fedha hizo zinakwenda serikalini, si mfuko wa kampuni wa kuchota. Mnachoweza kufanya ni kutumia huduma zilizopo. Nenda VETA, ulizia utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi umeme au mchomeleaji wenu aliyejifunzia kazini bila kukanyaga chuo anapimwa anachokijua, anajaziwa pengo, anapata cheti kinachotambulika. Kwa mtu aliyeitwa "kibarua" nusu ya maisha yake, cheti hicho ni kitu kikubwa sana, na kampuni haigharimiki sana. Ningekuwa wewe, hili ningeliweka mapema kabisa kwenye mpango wa mwaka.

Mkurugenzi wa kiwanda cha samaki pia anaelewa lugha ya soko. Wazee wa Mwanza hawajasahau mwaka 1999, Umoja wa Ulaya uliposimamisha samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyokuwa ikitumika kuvulia. Mafunzo ya usafi na ya kutunza kumbukumbu za joto la samaki yanalinda soko hilo. Mwambie hivyo, kwa ufupi, halafu rudi kwenye takwimu zako.

Shahada ya uzamili ni jambo jema, na kaka yako anakupenda. Ila usikope benki kwa ajili ya mshahara ambao hujaanza kuupokea, huku kazi yenyewe inakusubiri. Fanya kazi kwanza mwaka mmoja au miwili. Ukiona pengo, utajua unasomea nini, na utakuwa na sauti ya kumwomba mwajiri achangie. Kwa sasa kinachokufaa ni kozi fupi ya mbinu za kufundisha watu wazima. Anza kwa kuulizia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Mumeo naye mwambie atulie, siku chache za kuandika mpango mzuri hazitakukosesha nafasi.

Mpango wenyewe usizidi kurasa tatu. Miezi mitatu ya kwanza usiahidi darasa hata moja: ni ya kusimama kwenye zamu zote, ya usiku ikiwemo, kusoma yale majalada, na kuzungumza na wasimamizi mmoja mmoja. Miezi mitatu inayofuata ni meza mbili za mzee, kwa kipimo mlichokubaliana naye. Baada ya hapo wasimamizi wa zamu, maana mkataji akifundishwa vizuri na msimamizi akamrudisha kwenye mazoea ya zamani, umepoteza. Urasimishaji wa ujuzi uende sambamba na hayo yote. Weka bajeti, na ndani yake mstari wa malipo ya muda wa vibarua; huo mstari utaulizwa, jiandae kuutetea.

Sharti la nidhamu liandike kwenye aya ya kwanza ya barua, lisijifiche mwishoni. Na mzee wa uzalishaji mwendee kabla ya kumpelekea meneja mkuu chochote, ili jina lake liwemo kwenye mpango akiwa ameridhia mwenyewe.